Wabebaji wa Kichwani na wa Miguuni

Sogeeni, na anayemenya karanga aziweke chini kidogo nisikike. Miaka ya hamsini hapa Mbeya, Waanglikana tulikuwa wachache na bado hatukuaminiana. Waliotoka Dodoma walisali bila mapambo, waliotoka kando ya Ziwa Nyasa kwa ubani na mishumaa. Baba mkwe wangu, mtu wa Nyasa, akafariki.

Wanaume wa Dodoma wakafunga mikono mbele ya jeneza. "Tutabeba, mama, ila zimeni hiyo mishumaa."

"Acheni, tutabeba wenyewe!" wakajibu wa Nyasa. Nao walikuwa wawili, mmoja anakohoa.

Mama mkwe akainuka mkekani, akajifunga kanga kiunoni. "Mume wangu hazikwi na nusu ya kanisa. Wa Dodoma, kichwani. Wa Nyasa, miguuni. Na atakayeachia, aje amwokote mbele yangu."

Wakatazamana, wakainama, wakabeba. Upepo ukazima mishumaa njiani, na hakuna aliyeachia jeneza ili aiwashe.

Leo nasikia maaskofu wa dunia nzima hawataki kukaa meza moja. Labda hawajapewa jeneza.

Mama mkwe alipofariki, mume wangu alirithi kinara cha mishumaa, wifi yangu mkeka. Mimi nikapewa ile kanga, na bado naifunga.