Nilivyomharibia posa binamu yangu, mpiga ngoma wa rock

Wakuu, salaam aleikum popote mlipo.

Hili jambo limenikaa kooni mwaka mzima. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nina binamu, tumwite Mahat. Mama yake ni shangazi yangu. Kama unafuata rock ya Nairobi unamjua, ila pengine hukujua kwamba ni mtu wa Bura, kule Fafi.

Alianza kwa kupiga mikebe ya mafuta ya msaada, ile mikubwa iliyokuwa inatoka kambi za wakimbizi za Dadaab kuja kuuzwa sokoni. Shangazi alichoka mpaka akawa anaificha. Sekondari hapa Garissa akaingia bendi ya maskauti, na sikukuu za kitaifa yeye ndiye aliyewatembeza wenzake kwa ngoma.

Chuo akasomea umeme Nairobi. Tuliishi chumba kimoja Eastleigh. Hakuwa na ngoma, kwa hiyo alipigia vijiti vyake kwenye mto wa kulalia, saa tatu mfululizo, na mimi nasomea mtihani. Nilimtukana sana miaka hiyo.

Basi akapata bendi. Bendi ikapata jina. Wameshapiga Ujerumani, wameshapiga Afrika Kusini, na nimeona kwa macho yangu vijana wamevaa tisheti yenye uso wake.

Na jamaa ni wa swala tano, hanywi, havuti. Akishuka jukwaani jasho linamtiririka, anauliza kibla ni upande gani.

Sasa huku kwetu hayo ya bendi hayajulikani. Tena kwa Wasomali ngoma ya harusi hupigwa na akina mama. Mwanamume aseme kazi yake ni kupiga ngoma? Wazee watacheka mpaka chai iwapalie.

Mwaka jana akataka kuoa. Binti anaitwa Hodan, mwalimu wa kemia, nyumbani kwao ni hapa hapa Garissa. Walipendana kweli, hilo sina shaka nalo.

Kwetu mwenye kuposa haendi mwenyewe. Wanakwenda watu wake kumsemea. Baba yake alishafariki, kwa hiyo akaenda ami yake, adeer Abdi, na mimi nikachukuliwa kwa sababu nimeishi naye na nina mdomo. Mdomo huponza kichwa, wakuu, na wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Baba ya Hodan, Mzee Dubow, alitukaribisha vizuri. Chai ya maziwa ya ngamia, tende. Ukoo ukaulizwa, hakukuwa na neno. Kisha akauliza kijana anafanya kazi gani. Adeer Abdi akanigeukia mimi.

Nikatazama ndevu nyekundu za hina za wazee walionizunguka, nikaingiwa na baridi. Nikasema Mahat yuko shirika la misaada Dadaab, idara ya usafirishaji. Walahi sijui ilitoka wapi. Tena nikaipamba, eti ana gari la ofisi na mkataba wa miaka mitatu.

Mzee akauliza ni shirika gani. Nikalitaja. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaniongezea chai. Nilirudi nyumbani najipongeza.

Mimi nilidhani mzee yule ni wa ngamia tu, pale soko la mifugo. Kumbe malori ya maji yanayokodishwa na mashirika kule Dadaab, matatu ni yake! Watu wa usafirishaji anawajua mmoja mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, yangu haikufika hata getini.

Siku ya tatu akatuita, na safari hii akataka Mahat awepo. Mahat alikuja hajui lolote kuhusu uongo wangu. Alikuwa amevaa kanzu mpya.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema kijana wa jina hilo hayuko katika ofisi ile na hajawahi kuwapo. Halafu akasema Hodan alimwonyesha video za Mahat kabla sisi hatujakanyaga kwake.

"Nilitazama mbili, mpaka mwisho," akasema. "Kelele nyingi, lakini kijana anafanya kazi. Ngoma ningeizoea. Nilitaka tu kusikia watu wake watasema nini juu yake. Sasa mtu anayefichwa na watu wake mwenyewe, mimi nimpe binti yangu kwa nini?"

Nikajaribu kusema uongo ulikuwa wangu peke yangu. Akanijibu kwamba nilikuja na ukoo, kwa hiyo nilisema kwa niaba ya ukoo. Mahat akasema, "Samahani, mzee," akainuka.

Nje nilingoja matusi. Nilistahili. Aliuliza swali moja tu, tena kwa upole.

"Mimi sijawahi kuificha kazi yangu. Wewe ulikuwa unaficha nini?"



Hodan alimlilia baba yake miezi miwili, mzee akashikilia pale pale. Baada ya Ramadhani akaolewa na mfamasia wa Wajir. Mahat alikuwa ziarani na bendi, na mimi ndiye niliyempigia kumwambia. Akasema sawa, akauliza kama watoto wangu hawajambo.

Nilikuwa najiambia kwamba namlinda. Si kweli. Miaka yote nikiulizwa binamu yako anafanya nini, nilijibu "yuko yuko tu Nairobi." Aliyeionea haya ile kazi nilikuwa mimi.

Nilichojifunza: ukitumwa kumsemea mtu, mseme alivyo. Akikataliwa, akataliwe yeye mwenyewe, si mtu uliyemtunga wewe.

Mahat anarudi mwezi ujao, na mimi ndiye ninayempokea uwanja wa ndege. Samahani sijamwomba mpaka leo. Mliowahi kumharibia ndugu yenu, mlianza na neno gani? Andikeni hapa chini, hata mkinitukana nitasoma.