Dawa Iliyobaki Nyuma ya Baba Mkwe

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Masukulu, mwanangu, hata mwaka sijamaliza ukweni. Pumu ninayo tangu utotoni, lakini nilipoolewa niliificha, nisije nikaitwa mgonjwa. Nesi alinisisitizia dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, nami nikaiacha kwa kuwa nilijiona mzima. Ujinga wa ujana huo! Ile nyingine, ya kufungua kifua kikibana, niliifunga kwenye kitambaa nikaificha chumbani.

Basi nikawa napika, kuni mbichi, moshi umejaa jiko zima. Kifua kikaanza kubana na kupiga filimbi. Kutoka niifuate dawa, lahaula, baba mkwe huyo hapo, kakaa mlangoni pa nyumba kwenye kigoda chake, anasuka kikapu.

Na kwetu Wanyakyusa enzi hizo, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona, unajificha. Kumpita mlangoni? Thubutu! Nikakimbilia migombani nikachuchumaa, nikingoja ainuke. Wala hakuinuka. Nikahema mpaka nikaona giza. Niliogopa kufa, mwanangu, lakini niliogopa zaidi kuupita ule mlango.

Mama mkwe ndiye aliyenikuta. Neno halitoki, nikamwonyesha nyumba kwa kidole, nikafanya ishara ya kuvuta dawa. Akapiga kelele, "Mzee, toka hapo, mtoto anatufia!"

Mzee akaondoka mbio, akaenda kusimama mwisho wa ua, mgongo kwetu. Mama mkwe akaingia chumbani mwangu, akapekua mpaka akakipata kile kitambaa, akaniletea dawa. Nikavuta, nikavuta tena, kifua kikaachia taratibu.

Ndipo nikamsikia mzee akisema na mkewe, kwa sauti ya kunifikia mimi. "Mwambie binti, tulimwoa tuishi naye, hatukumwoa tumzike. Kwa nini hakutuambia?"

Nililia kwa aibu, na kwa furaha pia.

Leo nina wajukuu. Ukungu wa asubuhi unanikuta kwenye chai nachuma, na kilima cha sokoni Tukuyu nakipanda nikisimama mara moja tu, tena kusalimia watu. Dawa ya kila siku navuta nikiwa mzima kabisa, nasukutua mdomo, naendelea na kazi. Ile ya kufungua kifua iko kwenye pindo la kitenge changu, hata kanisani.

Kwa hiyo nisikilize. Dawa ya kila siku usiiache eti kwa kuwa unajisikia vizuri. Kliniki nenda hata kama hukohoi. Moshi ukimbie. Na unaoishi nao uwaambie una pumu, wajue dawa ilipo. Usione haya kuivuta mbele ya yeyote, awe bosi, awe mkwe.

Yule mzee hakukaa tena mlangoni. Kigoda chake alikihamishia kando ya ghala, akawa anasukia vikapu huko mpaka alipofariki. Mungu akujalie kifua chepesi, mwanangu, na watu wa kukupisha mlangoni. Ndaga fijo kwa kunisikiliza.