Papa Alivyowaombea Wale wa Upande wa Pili

Dada yangu mkubwa aliingia jeshini vita vilipokaza huko Kivu ya Kaskazini, walikotoka wazazi wetu. Siku aliyotutangazia tulikuwa tunakula sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Mama aliacha kula, akamkumbatia. Kijiji chao kilikuwa kimetekwa, na bibi yetu alikuwa amekimbia na kuku kwapani. Papa, ambaye huuza vitenge kwa jumla, alinawa mikono polepole.

"Mimi siwezi kubariki bunduki," alisema. "Vita niliiona hapa hapa Kisangani. Nilizika majirani ndani ya parcelle yao, uani pa nyumba."

"Donc nani ataenda?" mama akauliza. "Mutoto ya wengine?"

"Mutoto ya mutu asiende."

Dada akaenda kambi ya Kapalata kufanya mazoezi. Jumapili baada ya misa papa alimpelekea kwanga, mkate wa muhogo, na sabuni, akarudi akilalamika kwamba kambi inamkondesha mtoto.

Alipotumwa mstari wa mbele, nyumba yetu iligawanyika kwenye rozari. Papa alimwombea dada, kisha akaongeza: "Na watoto wa upande wa pili, Bwana, uwarudishe kwa mama zao." Hapo mama aliinuka akaenda jikoni, tukamsikia akigonganisha sufuria mpaka Amina. Lakini sahani ya papa haikukosa kipande kikubwa cha samaki. Mimi nilikuwa upande wa yeyote aliyesema mwisho.

Dada alirudi likizo, mkono umefungwa bandeji. Jioni tukasali. Papa alipofikia maneno yake, mama akaanza kuinuka. Dada akamshika kitenge.

"Kaa, mama. Hata mimi nawaombeaka. Kulikuwa mumoja alilia karibu na sisi kutwa nzima, anaita mama yake. Kwa Swahili yetu hii."

Mama akakaa. Hakuitikia Amina, ila alikaa.

Papa alidhani ameshinda. "Bon, usirudi kule," akamwambia dada.

"Nitarudi, papa. Bibi hajarudi kwake."

Na alirudi. Asubuhi ile papa mwenyewe alimpigia pasi shati la kijeshi, akinung'unika kwamba jeshi halijui kushona kola. Mama alicheka mpaka akalia. Kisha wakabishana nani ambebee mfuko hadi kwenye pikipiki, na dada akawaachia wote wawili.