Kope za Mama Mochama

Asubuhi hiyo Rodah, mama anayewalea watoto wa wachuma chai pale kambini, hakunyoosha mikono kumpokea mtoto Mochama. Alimtazama mamake, Nyabate, usoni, mbele ya akina mama wote waliopanga foleni na vikapu mgongoni.

"Mama Mochama, hayo macho yataambukiza watoto wangu. Rudi naye nyumbani mpaka upone."

"Kwani uso siku hizi hauoshwi?" mmoja akatupa neno. Wakacheka.

Nyabate akavuta leso mpaka kwenye nyusi. Kuosha? Aliosha hadi ngozi ikawaka. Kila alfajiri kope zilikuwa zimegandana, zina ukoko kama mba mashinani, naye hupaka mafuta ya kukamulia ng'ombe ili zifunguke. Na asipochuma, mtoto atakula nini?

Akaenda zahanati. Muuguzi wa macho, Chepkosgei, aling'oa kope mbili, akazitazama kwa hadubini.

"Ni wadudu. Wadogo sana, wanaishi kwenye mashina ya kope."

Nyabate akainama. "Sista, mimi si mchafu."

"Nani amesema? Watu wazima wengi wanao, pengine hata mimi. Wa kwako wamezidi tu. Ukiwaacha, kope zitanyonyoka, jicho litakwaruzika, uanze kuona ukungu. Na hayo mafuta ya ng'ombe, achia ng'ombe."

Akampa dawa ya kuoshea kope, akamwonyesha: kwanza kitambaa cha maji ya moto kiasi, kisha asugue mashina polepole, asubuhi na jioni, bila kuchoka. Taulo na leso asitumie na mtu mwingine.

Kesho yake, foleni ile ile. Angeweza kusema ni vumbi. Lakini Rodah ndiye atakayemlaza Mochama siku nzima.

"Ni wadudu wa kope," akasema. "Natibiwa. Mtoto hana shida, ila vitambaa vyangu visimguse."

Mwanamke wa nyuma yake akasogea kando.

"Na hiyo leso umembebea ni ya nani?" Rodah akauliza.

Nyabate akatazama chini. "Yangu. Sina nyingine."

Rodah akamfungua Mochama, akaikunja leso kwa ncha za vidole, akamrudishia mamake. Akavua sweta yake, akamfunika mtoto.

"Nenda, mama. Jua linapanda."

Nyabate akashuka kwenye mistari ya chai, akachuma haraka kuliko wote, asiinue kichwa mpaka saa ya kupima majani.