Mbuzi wa Kumi

Ko, ko, ko. Bado nasikia kwato zikigonga bati ambalo shangazi alililaza mlangoni mwa zizi letu la Kakuma, Agosti 2012. Mbuzi walitoka mmoja mmoja, naye akihesabu kwa sauti, kopo la rangi nyekundu mkononi.

Katekista alikuwa ametufundisha kwamba Wayahudi wa kale walikuwa na mwaka mpya wa mifugo, mwanzo wa mwezi wao wa Eluli, karibu na Agosti yetu. Mifugo ilipitishwa kwenye mlango mwembamba, kila wa kumi akapakwa rangi nyekundu, akawa wa Mungu. Shangazi alikuwa amepoteza mbuzi wengi kwa kuhara tangu tuwatoe Lodwar. Akasema na sisi tufanye hivyo, labda ugonjwa utaacha.

Wa kumi akatoka mbuzi wangu, mweupe mwenye sikio moja jeusi. Nilimlea kwa chupa mama yake alipokufa. Nilishampangia maisha: azae mapacha, nikamue, nirudi Lodwar nifungue hoteli ya chai ya maziwa, yeye azurure pale kama meneja.

"Shangazi, chukua yule beberu. Ni mnono kumshinda."

"Haibadilishwi. Imeandikwa, ukibadilisha, wote wawili wanakuwa wa Mungu. Unataka nitoe wawili?"

"Lakini Mungu hata hamjui huyu."

"Sasa atamjua," akasema, akampaka rangi mgongoni bila kunitazama.

Jumapili alichinjwa, akapikiwa wageni waliokuwa wamefika kambi ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Walikuwa na njaa kweli. Mama mmoja akanisogezea ini. "Kula, binti, umekonda kama fito." Nikacheka, maana mimi hucheka hata pasipofaa. Kumeza nilishindwa. Na kuhara hakukukoma. Tuliendelea kuzika mbuzi.

Mwaka uliofuata alikuja mhubiri kutoka Lodwar, aliyesomea mambo ya Biblia. Akatuambia Wayahudi waliacha kutoa wa kumi tangu hekalu lao libomolewe. Siku hizi wapo wanaoikumbuka siku ile kwa kujiuliza tu wamewatendeaje wanyama wao.

Tulipofika nyumbani shangazi akasema, "Kumbe mbuzi wako angekuwa hai." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mimi nikaenda zizini. Nikamshika mbuzi aliyekuwa karibu, nikaketi mavumbini, nikaanza kumtoa kupe masikioni, polepole, asiumie.