Wimbo wa Reli Ulioandikwa kwa Jina Langu

Nitakayosema hapa hamtayaamini, na wala siwalaumu. Mimi Enosa, mtu ambaye kisiwani kwetu huwekwa mwisho wa meza ili wengine nao wapate nafasi ya kusema, siku moja nilinyamaza saa nzima. Sikuwa mgonjwa. Nilikaa kwenye kiti kizuri, chai mkononi, wanawake wawili mbele yangu, na sikutoa neno. Aliyeninyamazisha ni Pensia, binti wa marehemu dada yangu. Ndiye ninayetaka kuwapa habari zake, ingawa na mimi nitakuwemo humo kidogo, kwa sababu bila mimi habari yoyote haina chumvi.

Pensia ana miaka hamsini na mmoja. Anapiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, hapa Townsville, mji wa bara tuliohamia kutoka kisiwani, na kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na mitatu. Ukimwuliza kazi inakwendaje, atakwambia, "Mashuka ni mashuka." Katika usichana wake alikuwa mchezaji ngoma. Akishika manyanga ya mbegu mkononi hata wazee wa kanisa walikuwa wanasahau kufumba macho wakati wa sala. Mume wake aliondoka siku nyingi, kwa miguu yake mwenyewe, hakufukuzwa. Watoto wawili wako machimboni, wanapiga simu Krismasi. Aliyebaki naye nyumbani ni baba yake, yaani shemeji yangu, mzee wa reli, mpaka miaka miwili iliyopita alipofariki mezani akiwa bado ameshika kikombe.

Kwetu mtu akifa, kazi yote ni ya mashemeji. Sisi ndio tunaochimba, tunaopika, tunaowashika wafiwa wasianguke. Basi siku ya maziko mimi ndiye niliyemshika Pensia. Ilikuwa kama kushika nguzo ya umeme. Hakulia, hakutetemeka, hakuniegemea. Tuliporudi nyumbani aliosha sahani za watu wote, akazikausha, akazipanga kwa ukubwa.

Nikajisemea, ngoja jiwe. Maana kwetu maziko si mwisho. Familia hukaa mwaka, miwili, hata mitatu, ikitafuta jiwe zuri la kaburi. Jiwe hufunikwa kwa vitambaa, na siku ikifika mashemeji huvivua kimoja kimoja, watu wakala kasa na wali na tambi, wakacheza hadi nyayo ziote malengelenge. Hapo ndipo msiba unapokwisha na mfiwa anarudi kuwa mtu. Jiwe la shemeji lilipangiwa mwezi wa tisa.

Pensia alitaka kitu kimoja tu. Alitaka siku hiyo uchezwe wimbo wa baba yake, ule aliotunga ujanani alipokuwa akitandika reli huko jangwani magharibi, mbali na maji. Watu wote wa kisiwa waliwahi kuucheza, na watu wote wameusahau nusu.

"Bila wimbo wake ni jiwe tu," akaniambia, kwa sauti ile ile ya mashuka.

Nikamwambia asihangaike, mjomba wake anao kichwani mzima mzima. Nikauimba pale pale jikoni. Ubeti wa kwanza ulitoka sawa. Wa pili ulitoka karibu na sawa. Wa tatu, kusema kweli, nilimtia kasa mkubwa anayepanda pwani kutaga, kwa sababu kasa huwa hamkosei mtu.

Pensia alikuwa anamenya boga. Hakuinua macho.

"Jangwani hakuna kasa, mjomba."

Hivyo ndivyo alivyoanza kwenda maktaba ya chuo kikuu, ile iliyotengwa kwa mambo yetu sisi wenyeji, watu wa bara na watu wa visiwa. Alikuwa anakwenda kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko. Mle ndani vitabu havikupangwa kwa herufi. Vimepangwa kwa watu na ardhi yao, kwa hiyo unatembea kutoka jangwani, unapita msituni, na sisi wa visiwani tuko mwisho kabisa, karibu na dirisha. Mlangoni pana kibao kinachokuonya kwamba humo zimo sauti na sura za waliokwisha kufa. Alhamisi tatu za kwanza Pensia hakuvuka kile kibao. Alikaa kwenye benchi chini yake, mkoba magotini. Mkutubi, mama mmoja wa pwani hii anayeitwa Delphine, alimtolea chai mara zote tatu na hakumwuliza kitu. Mara ya nne akamwuliza watu wake ni akina nani. Pensia akataja kisiwa, akataja ukoo. Delphine akasema amewahi kuolewa na mmoja wao na hamlaumu mtu. Basi wakaingia.

Mimi nilimcheka. Nilimwambia, mtu anapanda mabasi mawili kwenda kusoma habari za kwao kwenye karatasi, na mimi nipo hapa, siazimishwi wala sirudishwi.

"Maktaba ina uzuri mmoja, mjomba," akasema. "Saa kumi inafungwa."

Alhamisi moja akarudi, akavua viatu, akasema kanda imepatikana. Ilirekodiwa kisiwani miaka hamsini iliyopita na mtafiti mmoja, Bwana Prewett, Mzungu mwembamba ambaye jua lilimla pua. Wimbo umo mzima. Lakini nakala hutolewa kwa mtunzi tu, au kwa sahihi yake.

"Mtunzi mwenyewe si ndiye tunayemwekea jiwe," nikasema. "Sasa watampata wapi?"

"Mtunzi ameandikwa wewe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Alikuwa anakunja kanga yake ya kulalia, akaniambia Alhamisi ijayo nije na kitambulisho. Nilicheka kidogo. Kicheko kikaisha peke yake.

Alhamisi ikafika, nimevaa shati la maua, maana hata mtu aliyekwama avae. Delphine akaniangalia toka kofia hadi kandambili.

"Ndiye huyu mtunzi?"

"Ndiye huyu," akasema Pensia.

Akatupeleka kwenye chumba kidogo chenye mlango wa pili wa kutokea nje, kwa ajili ya wanaozidiwa. Akatupa hedifoni kila mtu zake. Akabonyeza.

Shemeji alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye ile kanda. Alikuwa amerudi likizo kutoka reli. Ngoma ni mimi ninayeipiga. Sauti yake ilikuja polepole, nzito, ubeti baada ya ubeti. Nikausikia ubeti wa tatu wa kweli. Anasema chuma kinakwenda mbele hakiishi, na usiku huo ametia chumvi kwenye kikombe cha maji na kukiweka sikioni. Ndiyo hayo tu. Mimi kasa wangu nilimwonea aibu.

Wimbo ukaisha. Bwana Prewett akauliza ametunga nani. Kukawa kimya. Mtu akakohoa. Halafu kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye sauti ya jogoo, akajibu, "Mimi."

Nina sababu, na ni ya kweli nusu. Kwetu jina la shemeji halitamkwi. Mimi lake sijalitamka tangu alipomwoa dada yangu, na sitalitamka. Lakini ningeweza kumwonyesha kwa kidevu, alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Tatizo ni kwamba Bwana Prewett alikuwa na kalamu, na jina langu lilikuwa halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kanisani. Na kwenye mkeka alikuwepo msichana aliyekuja kuwa mke wangu, na alikuwa ananitazama. Naye shemeji angefanya nini? Shemeji hapingwi mbele ya watu. Akimwomba mwenzake kitu, hanyimwi. Akanyamaza. Akanyamaza mpaka alipokufa. Kila nilipokwenda kwake alinichagulia kipande cha samaki chenye mafuta, na hilo jambo hakuligusa hata kwa utani.

Pensia akarudisha kanda nyuma. Akasikiliza pale pa kimya. Akarudisha tena. Mara tatu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, nangoja matusi. Nilikuwa nayastahili na nilishayaandalia majibu.

"Anapumua hapa," akasema.

Basi. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya maziko. Akavua hedifoni, akazizungushia waya wake vizuri, akaziweka mezani. Mlango wa pili hakuna aliyeutumia. Na mimi, Enosa, majibu yote yakiwa tayari, sikupata pa kuyaweka. Ule ndio ukimya niliowaambia.

Baada ya muda Delphine akaleta karatasi nyingine, ya kurekebisha kumbukumbu. Juu pana nafasi ya jina la mtunzi, chini pana mistari ya maelezo, ayaandike aliyekosea. Wakirekebisha jina, sahihi inayotakiwa inakuwa ya mrithi, na Pensia anaondoka na wimbo wake. Wasiporekebisha, siku ya jiwe nitasimama mbele ya kaburi la shemeji na wimbo wake ukiwa mali yangu.

Nikashika kalamu. Nikaiweka juu ya ile nafasi. Mkono haukwenda. Jina la shemeji, hata kwa wino, halinitoki.

Pensia akaichukua kalamu mkononi mwangu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Akaandika jina la baba yake lote, polepole, mimi nikiangalia dirishani, ambako mtu alikuwa anafyeka nyasi. Akanirudishia kalamu.

"Sasa wewe. Ukweli tu."

Nikaandika kwa herufi kubwa za shule ya kisiwani, niliyoiacha darasa la tano: Wimbo huu si wangu. Aliutunga shemeji yangu akiwa kazini relini. Niliulizwa nikasema uongo, naye akanistahi. Hapo ningetia sahihi nikamalizia chai yangu. Lakini chini ulibaki mstari mmoja mtupu, na mstari mtupu huwa unaniwasha. Nikaendelea: Ila upo ubeti wa kasa ambao niliutunga mimi mwenyewe, na siku nilipouimba kwa mara ya kwanza watu mia nne wa visiwa vitatu walisimama juu ya mitumbwi yao na

"Mjomba," akasema Pensia, kidole chake juu ya kalamu yangu. "Jangwani hakuna kasa."