Maji ya Pweza kwa Mzazi wa Nyuma ya Jiko

Kwetu Somanga kuna neno ukilitamka ovyo unaweza kuletewa unga. Neno lenyewe ni mzazi. Simsemi mzazi wa kuitwa shuleni ukivunja dirisha, huyo nimemwita sana. Mzazi ninayemsema ni mwanamke aliyejifungua juzi, yuko ndani, anakandwa maji ya moto, anapikiwa vya kwake peke yake, na hata mume akinusa ile sufuria anafukuzwa. Mimi neno hilo nililitamka kwa ajili ya mbwa.

Naishi na bibi, mama yake mama. Nyumba iko karibu na barabara kuu, shamba liko ndani huko, mwendo wa kumaliza stori zote unazozijua na kuanza kutunga. Tunalima mihogo na mahindi. Kule bila mbwa unawalimia nguruwe pori na ngedere. Kuna mwaka nguruwe walivuna, sisi tukaokota. Ndipo mjomba anayelima kule Likawage akatuletea mbwa jike, mwekundu, masikio yamesimama kama anasikiliza redio. Toka hapo tukaanza kula mihogo yetu wenyewe.

Bibi ni mtu wa swala tano. Mbwa haingii ndani, hagusi chombo cha watu, na mate yake yakimgusa mtu basi ni maji mara saba, moja na udongo. Lakini kuongea naye anaongea. Asubuhi mimi ananiuliza kama nimefagia, mbwa anamuuliza kama amelala vizuri. Jina hana. Bibi anasema ukimpa mbwa jina la mtu umemtukana mtu, ukimpa la kimbwa umemtukana mbwa.

Aliyegundua mimba ni yeye. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nazaliwa na mahari sijatoa, "mwenzio ana tumbo."

"Mimi simo," nikasema.

"Nani kakutaja? Nasema ana tumbo, aangaliwe."

Siku zile alipita dada wa mifugo kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Nikamng'ang'ania na maswali mpaka akakaa kwenye kigoda. Akasema mwanzoni mwa mimba mbwa ale kama kawaida, hana haja ya kunenepeshwa. Tumbo likishaonekana, mwongeze kidogo kidogo na umpe mara nyingi, kwa sababu watoto wanalibana tumbo lake, sahani kubwa ya mara moja haimwingii. Ugali mtupu ni wa kushibisha tu. Uchanganywe na samaki aliyetolewa miiba, au dagaa, na yai likipatikana. Vitunguu, chumvi na viungo, hapana. Maji yasikauke kwenye chombo chake. "Halafu akizaa," akasema, "hapo ndiyo ale hasa. Mimba haimli mbwa kama maziwa yanavyomla."

"Na vile vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kina mama kliniki?"

"Mpe. Mpe na kadi ya kliniki, apewe na chandarua."

Bibi akacheka mpaka akajifunga upya kanga. Mimi sikuona aibu, nikauliza tena: mifupa ya samaki niliyoitwanga ikawa unga, nimtilie sasa hivi apate mifupa imara? Dada wa mifugo akaacha utani. Akasema hiyo nisiithubutu. Ukimjazia kalsiamu wakati wa mimba, mwili unazoea kuletewa. Akishazaa, maziwa yanadai nyingi kwa ghafla, na mwili umesahau namna ya kuitoa kwenye mifupa yake wenyewe. Anaanza kutetemeka, anakakamaa, na asipowahiwa anakufa. "Ukiona anatetemeka nipigie, usingoje kesho."

Nilimwelewa haraka sana, kwa sababu ndivyo nilivyo mimi na bibi. Amenizoesha kupikiwa. Akienda Kinjumbi kwa dada yake, siku ya pili nakakamaa.

Basi tukafuata. Kwa kuwa pwani haikosi dagaa, tukajiona tumemaliza. Sasa, mbwa kazaa tu, watoto sita, nyuma ya jiko chini ya makuti, na bahari ikachafuka. Wavuvi wakakaa nyumbani wanacheza bao. Dagaa wakawa wa kuhadithiwa. Tukarudi kwenye ugali na maji ya ugali. Mbwa akawa anayeyuka. Mbavu zikatoka, macho yakaingia ndani, watoto wanavuta chuchu na kulia, wanavuta na kulia. Asubuhi moja nikakuta mmoja wa baridi. Nikamzika chini ya mpapai na sikumtania mtu siku ile.

Na mahindi kule shamba ndiyo yalikuwa yanabeba. Kila jioni nalala nikiwaza: huyu akienda, wale watano wanaenda, na nguruwe wanakuja na familia.

Nikampigia dada wa mifugo. Akauliza anatetemeka? Hatetemeki. Amekakamaa? Hapana. Ana joto kali, chuchu zimevimba? Hapana. "Huyo ana njaa," akasema. "Anayenyonyesha wote hao anataka chakula mara tatu ya kile cha kawaida. Tafuta chochote chenye nyama au samaki, na umpe vya majimaji."

Bibi alikuwa anasikiliza. Akaniuliza, "Mwanamke akijifungua na maziwa hayaji, hapa kwetu anapewa nini?"

"Maji ya pweza."

"Sasa umekaa hapo unangoja nini, mume wangu? Nenda umwambie yule bwana tuna mzazi."

Muuza pweza wetu ni Mmakonde mmoja anakaa kando ya barabara; pweza hangoji mashua, anachokolewa miambani kwa miguu maji yakitoka, na supu yake inanywewa na madereva wote wa malori. Mimi na yeye hatuna salamu, tuna utani tu. Nikafika nikamwambia, "Kaka, nina mzazi nyumbani. Maziwa hayatoki."

Kisu kikasimama hewani. "Wewe?"

"Mimi."

"Hongera bwana. Na kimya chote hicho. Amezaa nini?"

"Wamechanganyika."

"Mapacha?"

"Wamezidi hapo."

Akatikisa kichwa. "Wewe hata kwenye jambo la heri utani." Lakini hapo hapo akaanza kuchota kwenye sufuria kubwa. Nikamzuia: hiyo yenye viungo hapana, anichemshie ya peke yake, isiwe na chumvi, pilipili, wala vitunguu.

"Mzazi bila pilipili manga? Bibi yako mkunga gani siku hizi?"

"Tumeshauriwa na mtaalamu," nikasema, na huo haukuwa uongo. Akanichemshia, akatia na vipande vya miguu iliyokatika. Nikaondoka bila kujua kwamba wake wa wavuvi wawili walikuwa nyuma yangu wanangoja yao.

Kesho yake asubuhi hodi, kina mama wanne. Unga wa mtama, mayai kwenye kapu, samaki mkavu, na mmoja kashika nepi. Mimi nilikuwa napasua kuni, nikaona nepi nikajua kimenuka.

Bibi hakujua. Yeye alidhani watu wamesikia habari za mbwa wake na roho zimewauma. Akafurahi kabisa. "Karibuni, karibuni. Mzazi yuko nyuma ya jiko, piteni."

"Nyuma ya jiko?" akauliza mwenye nepi. "Mzazi mmemlaza nje?"

"Ndani haruhusiwi."

"Hamruhusu nyie, au?"

"Dini," bibi akasema kwa upole. "Mbona mnajua."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Bi mkubwa, hata kama hawajafunga ndoa, huyo ni binti wa watu." Wakapita kwa hasira zao. Mimi shoka nimelikumbatia, sina mbavu na sina pa kukimbilia.

Halafu nikasikia sauti ya yule jirani yetu ambaye mbwa alimwibia ng'onda, samaki wake wa kukausha, kichanjani na akaapa hatomsahau. "Huyu si ndiye mwizi wangu?"

Mwenye unga akaurudisha kichwani. Bibi akamwambia, "Zawadi ya mzazi ikivuka kizingiti hairudi."

"Haijavuka, bi mkubwa. Nimezunguka nje."

Hapo wakaangua kicheko, hata bibi alipoelewa akakaa chini kabisa. Ila yule wa ng'onda hakucheka. Alikuwa amechuchumaa anaangalia mbavu, na watoto wanavyovuta na kulia. Akaniita, "We baba watoto, njoo." Akanipa kapu la mayai. "Mimi nimenyonyesha mapacha, na shamba langu lililiwa lote na nguruwe. Najua njaa hiyo. Nilileta kwa mzazi. Huyu si mzazi?"

Unga ukashuka kichwani. Samaki akabaki. Nepi tu ndiyo ilirudi.

Tukampa uji wa mtama na yai, samaki mdogo mdogo bila miiba, asubuhi, mchana, jioni, na katikati maji ya pweza. Kuna jioni nikatoka uani sikusikia kilio. Nikachungulia chini ya makuti nikijua naenda kuchimba tena chini ya mpapai. Watano wote wamelala, matumbo kama ngoma, mmoja maziwa yamemkaukia mdomoni. Mama yao akainua kichwa akanitazama vile mzazi anavyomtazama mtu mwenye kelele.

Mahindi tulivuna sisi. Mtoto wa kwanza kuachishwa alikwenda kwa mwenye ng'onda, sasa analinda shamba lake na kichanja chake.

Siku nikipata mtoto wangu wa kweli, nikienda pale barabarani kusema nina mzazi, yule Mmakonde ataniuliza kwanza ana miguu mingapi. Aulize tu. Najua maji atanichemshia. Siku ile ile ya kicheko jioni nilikwenda kwake kichwa chini, kijiji kizima kimeshamwambia, nikakuta sufuria ndogo iko pembeni inanisubiri, bila chumvi.